Chapa ya manowari HMS Captain: ni ya mwaka 1870 au ni nakala?

SWALI: Nimenunua picha ya manowari ya Uingereza, HMS Captain, ikizama usiku. Muuzaji anasema ilichapwa gazetini mwaka 1870 kwa mchongo wa mbao. Ina mistari miwili myeupe, myembamba, inayoikata kutoka juu hadi chini. Je, ni kasoro? Nitaijuaje kama ni ya asili? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mistari hiyo ni alama ya ufundi wa wakati ule. Magazeti ya picha kama Illustrated London News, lililoanza mwaka 1842, yalichonga picha kwenye mti wa Buxus, mgumu sana lakini mwembamba. Kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Mchoro ulipomalizika, vipande vilifunguliwa na kila fundi akachonga chake ili gazeti liwahi kutoka, kisha vikafungwa tena. Kiungo kisipobana vizuri, wino haushiki hapo. Kagua mawimbi kando ya mistari hiyo: mara nyingi wimbi la kushoto halikutani sawasawa na la kulia.

Tatizo ni kwamba nakala ya kisasa nayo itaonyesha mistari hiyohiyo. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na utazame mawingu. Kwenye chapa ya mbao hakuna wino wa kijivu. Kuna mistari myeusi kamili, minene na myembamba, na macho ndiyo yanayoona kijivu. Ukikuta nukta zilizopangwa kwa safu, au chembe za rangi zilizotawanyika ndani ya weusi, ni nakala. Halafu iweke chini ya taa ya kukagulia noti, gizani. Karatasi ikimeremeta buluu-nyeupe, ina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Isipomeremeta, bado hujathibitisha kitu. Geuza nyuma: maandishi ya gazeti ni dalili nzuri, ingawa kurasa kubwa za picha zingine ziliachwa tupu. Na ukiona mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha, basi ilichapwa kwa bamba la shaba au chuma, si mbao.

Hakikisha pia meli ni yenyewe. Captain ilikuwa na minara miwili ya mizinga, milingoti ya miguu mitatu, na sitaha ya chini sana, kama mita 2 tu juu ya maji. Ndiyo sababu mojawapo ya kupinduka kwake. Ubavu mrefu wenye safu za matundu ya mizinga ni wa meli nyingine. Lakini usiamini mawimbi na mwanga uliochorwa: ilizama baada ya saa sita usiku, tarehe 7 Septemba 1870, karibu na Rasi ya Finisterre, Hispania, na meli zilizofuatana nayo ziligundua imetoweka kulipokucha. Walinusurika 18.

Usiilaminishe wala kuibandika selotepu; gundi yake hugeuka kahawia na kupenya kwenye karatasi. Kwa unyevu wa Mombasa, fremu iwe na nafasi ya milimita 3 hivi kati ya karatasi na kioo, na isitundikwe kwenye ukuta wa nje.