Kameza vidonge, mwili unawaka, mbona Panadol haikushusha?

Swali: Asalaam alaykum dokta, mie nafanya kazi hotelini huku Kendwa. Kwenye pati ya ufukweni mgeni mmoja kameza vidonge, kacheza mpaka mwili ukawa moto kabisa na anaweweseka. Tukampa Panadol mbili, wapi! Kwa nini?

Jibu: Waalaykum salaam mdogo wangu. Panadol haina kosa, mmeipa kazi isiyo yake. Ukiwa na malaria ubongo wenyewe ndo unaamua joto lipande, kama mtu kashika rimoti ya AC, na Panadol inairudisha ile rimoti chini. Kwa MDMA (vile vidonge vya pati, ekstasi), amfetamini au kokeini, dawa za kulevya zinazochangamsha mwili, shida kubwa si rimoti, ni kama umewasha jiko la mkaa chumbani halafu ukafunga madirisha yote.

Jiko ni misuli. Noradrenalini, kemikali ya kuamsha mwili, inamwagika kupita kiasi, mtu hatulii, meno yanasagana, misuli inakaza, na MDMA inazifanya hata seli za misuli zichome mafuta bure bure litoke joto tupu. Madirisha ni ngozi, mishipa yake inabana na damu ya moto haifiki nje kupoa. Kokeini nayo ina uhuni wake, inachelewesha jasho na mtu hahisi kama kapata joto, basi hata upepo hatafuti. New York walikuta vifo vya kokeini vinaongezeka siku joto likipita nyuzi 31, na 31 kwetu wakati wa kaskazi ndo siku ya kawaida, tena na unyevu ule jasho linachuruzika tu halikauki.

Joto la mwili likivuka 40 msingoje. Misuli inaanza kuvunjika, uchafu wake unaharibu figo, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Barafu ya vinywaji si mnayo? Mvueni nguo, maji baridi na barafu mwili mzima, feni, huku gari inatafutwa. Msimfunge kamba wala kumkalia, akipambana ndo anachochea jiko, na msimlazimishe maji, atapaliwa, halafu MDMA huzuia mkojo, maji mengi yanashusha chumvi ya damu mpaka degedege.

Hospitali tutampima joto kwa nyuma maana kwapa hudanganya, na sindano ya diazepamu ndo inayotuliza ile misuli. Ila semeni ukweli kala nini, watu wanaogopa polisi wanasema "homa tu dokta", sie tunaanza kutafuta malaria na mtu anaungua.