Jibu: Seva ya pili ya DNS kubaki na anwani ya zamani

Ndugu, umeeleza kwamba ulibadilisha anwani ya IP ya tovuti kupitia Webmin (programu ya kusimamia seva kwa kivinjari), seva kuu ya BIND, yaani programu ya DNS inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP, ikaipokea, lakini seva ya pili, inayonakili rekodi za seva kuu, bado inatoa ile ya zamani. Ninavyoona, kasoro imo katika namba ya mfululizo iliyo kwenye rekodi ya SOA (rekodi yenye maelezo ya jumla ya zoni, yaani ya rekodi zote za jina la tovuti), kwa sababu seva ya pili hulinganisha namba hiyo na yake, na isipoikuta imeongezeka hainakili chochote, hata kama rekodi nyingine zimebadilika. Webmin huweza kuiongeza yenyewe unapohariri rekodi kwenye kurasa zake; ila ukilihariri faili la zoni kwa mkono (jambo ambalo wengi wetu hulifanya usiku tukiwa na haraka), itakubidi uiongeze mwenyewe, kwa mfano kutoka 2025031401 hadi 2025031402, kisha ubonyeze kitufe cha kutekeleza mabadiliko. Baada ya hapo, ziulize seva zote mbili rekodi ya SOA kwa amri ya dig, inayotumika kuuliza seva za DNS. Namba zikilingana, kilichobaki ni TTL, yaani muda ambao jibu la DNS huruhusiwa kuhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya: ikiwa ni sekunde 86400, baadhi ya watumiaji wanaweza kuendelea kupata anwani ya zamani hadi saa 24. Aidha, poti 10000, ambayo Webmin huitumia kwa kawaida, usiiache wazi kwa intaneti nzima.