Tovuti ya kanisa letu haiwasaidii waumini

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mzee wa kanisa usharika mmoja hapa Moshi, tovuti yetu ukifungua unakutana na picha kubwa ya jengo na historia tangu wamisionari, ila watu bado wanampigia katibu kuuliza ibada ni saa ngapi. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Anzeni na hizo simu za katibu, aandike kila anachoulizwa mwezi mzima, yanayojirudia ndo yakae juu kabisa: saa za ibada, namba ya kutumia sadaka, ubatizo unahitaji nini, wanaofunga ndoa waje lini maana matangazo yanasomwa Jumapili tatu. Historia ipeni ukurasa wake. Wengi wanafungua kwa simu na bando la kuunga unga, kwa hiyo punguzeni uzito wa picha, na ratiba iwe maandishi sio picha ya tangazo, kwa sababu asiyeona anayesomewa na simu yake anaweza asiipate. Halafu mpe simu mama mmoja wa kwaya atafute ibada ya Pasaka, wewe kaa kimya uone anakwama wapi, usimwelekeze hata kidogo! Na awepo mtu mmoja wa kubadilisha ratiba kila Jumamosi, ile ya Krismasi ikikutwa mwezi wa 3 watu hawarudi tena.