Mauzo yamepanda, lakini ziwa je?

SWALI: Dada, habari za kazi? Nina mitumbwi mitatu hapa Dunga, Kisumu, tunavua mbuta (sangara) katika Ziwa Viktoria. Mwaka huu nimeuza kuliko mwaka jana, ila mzee mmoja wa kamati ya bichi anashikilia kwamba tunamaliza ziwa. Mauzo yakipanda, si dalili kwamba samaki wapo? – Mwenye Mitumbwi

JIBU: Ndugu yangu, mzee huyo msikilize. Samaki akiadimika bei hupanda, na ya mabondo yake, yaani vifuko vya hewa vya tumboni, pia, kwa hiyo daftari la mauzo linaweza kunona huku ziwa likikonda. Nilikuwa karani wa mizani miaka minne upande wa Homa Bay, nikaandika kilo na shilingi, nikasahau saa. Kilo zilikuwa zilezile. Lakini mitumbwi iliyokuwa ikifika saa moja asubuhi ikawa inafika saa tano, barafu imeyeyuka, vijana wamechoka hoi. Samaki walikuwa wakifuatwa mbali zaidi, na mimi sikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Andika saa za majini, lita za petroli na kilo, kila safari. Kisha gawanya kilo kwa saa. Kilo 40 kwa saa 8 ni 5 kila saa. Kilo 40 kwa saa 10 ni 4. Umepoteza moja ya tano na mizani haijakuambia kitu. Linganisha Machi na Machi ya mwaka uliotangulia, kwani upepo na mvua hugeuza uvuvi.

Tengeneza pia ubao wa kupimia, utie alama kwenye sentimita 50 na 85. Mbuta wa kuvua ni aliye katikati: chini ya 50 wengi hawajazaa hata mara moja, juu ya 85 ndio mama wenye mayai mengi. Mlaze, mdomo uguse kichwa cha ubao, usome mkiani. Pima 30 wa kwanza kushuka bila kuchagua. Ukiwaacha wadogo ndani ya mtumbwi unajidanganya. Wadogo wakizidi wiki baada ya wiki, badilisha nyavu, hata kama wanunuzi wanakupigia simu.

Daftari lako pekee halitoshi. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa, na mbuta huogelea hadi Uganda na Tanzania. Lipeleke kwa mzee, mliunganishe na ya mitumbwi mingine. Muulize pia alikuwa akitega nyavu wapi alipoanza kazi na leo anatega wapi, uandike umbali huo kwenye ukurasa wa kwanza.