Shamba limechoka, ila halijafa

Mkuu, umeuliza kama kuna maana yoyote ya kuhangaika na shamba la mzee huko Chamwino wakati miti imeisha, korongo linazidi kupanuka kila mvua zikinyesha na dunia yenyewe ndo inazidi kuharibika. Maana ipo, tena kubwa. Nenda Kondoa ujionee, ile milima ya Irangi ilikuwa makorongo mekundu matupu, HADO, ule mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wakaanza kazi 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa, watu waliumia kweli maana ng'ombe ndo akiba yao, lakini nyasi zikarudi na miti ikaota yenyewe.

Sasa wewe usikimbilie kununua miche, jua letu la Septemba litaimaliza. Zunguka shambani uangalie visiki, vingi mizizi iko hai bado na vinatoa machipukizi kibao ila mbuzi wanayala. Acha mawili matatu yaliyonyooka, mengine kata, halafu funga kitambaa watu wajue kina mwenyewe. Ndo kisiki hai hiyo, haina gharama. Korongo anza kulizibia juu kule maji yanakoingilia, mawe na matawi. Na ongea na majirani wenye mbuzi mapema, hapo ndo wengi wanakwama.

Vyote havirudi, sikufichi. Udongo wa juu ulioshasombwa utachukua miaka mingi sana, na hili joto bila nchi za viwanda kupunguza moshi wao sisi peke yetu hatuliwezi. Ila tundu kwenye ozoni, lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua, limeanza kupona baada ya nchi kukubaliana Montreal 1987 kuacha kemikali zinazoliharibu, kwa hiyo watu wakiamua inawezekana. Anza na visiki kabla ya mvua za Desemba.