Mashine ya Kufulia Ikigoma na Nguo Ziko Ndani

Mashine ya kufulia ikisimama katikati ya kazi na maji yamejaa, cha kwanza kuokoa ni nguo. Fundi baadaye. Kwa joto letu la Dar, nguo zikishinda kwenye maji ya sabuni kutwa nzima huanza kunuka, na kama kuna kanga mpya inayochuja humo, mashati meupe ya shule ndiyo yameharibika.

Chomoa waya kwenye soketi. Kuzima kitufe hakutoshi. Kwa zile zenye mlango wa kioo mbele, usiuvute kwa nguvu. Umejifunga kwa sababu ndani kuna maji, na kitasa kikivunjika umejiongezea gharama. Angalia chini kabisa, kwenye kona, mara nyingi ya kulia: kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake chujio. Baadhi zina pia kimpira chembamba cha kumwagia maji. Kama ulikuwa unafulia maji ya moto, subiri yapoe. Mimi hutumia sinia la pilau kukingia, maana beseni haliingii pale chini, na natandika matambara pembeni. Fungua chujio taratibu kinyume cha mshale wa saa, sinia likijaa kaza, mwaga, rudia. Ukikifungua chote kwa pupa, maji yatafika sebuleni.

Humo nimeshatoa sarafu ya shilingi 500, pini za ushungi na waya wa sidiria. Ingiza kidole polepole usikie kama kile kifeni cha pampu kinazunguka. Kikizunguka, rudisha chujio, kaza vizuri, ujaribu tena kumwaga maji. Tatizo la kutotoa maji mara nyingi huishia hapo.

Kama shida ni kutoingiza maji, usiilaumu mashine kabla ya kuangalia bomba. Maji ya DAWASA yakikatika tunategemea tangi, na tangi likiwa chini hayana nguvu. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa presha ya bar 1, na mashine nyingi zinataka angalau bar 0.5, yaani tangi lipande kama mita 5 juu yake. Pale mpira unapoingia nyuma ya mashine pia kuna kichujio kidogo, na mchanga wa kisima hukiziba.

Umeme nao. Mashine inayochemsha maji hula kama wati 2,000, na kwa volti 230 hizo ni karibu ampea 9. Friji gadi, kile kifaa cha kukinga vyombo umeme ukiyumba, ikiwa ya ampea 5 haiwezi mzigo huo. Nunua inayolingana.

Sasa nguo zimetoka, zimelowa, na kesho ni Jumatatu. Fua sare za shule na nguo za kazini tu. Mashuka, taulo na jinzi zisuuze sabuni itoke, zianike, zitafuliwa upya siku nyingine. Kujiumiza mgongo kukamua blanketi sioni sababu. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi sabuni haitoi povu, kwa hiyo kama una ndoo chache za maji baridi yasiyo na chumvi, zitunze kwa suuzo la mwisho. Msimu wa masika sare haikauki upesi: ilaze juu ya taulo kavu, viringisha pamoja, kandamiza kwa magoti, ndipo uianike mbele ya feni. Taulo hunyonya maji mengi kuliko mikono inavyokamua.

Ikibidi fundi, mpigie ukiwa umeshapiga picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, kwa kawaida kiko ukingoni mwa mlango au nyuma. Bila namba hiyo, kutafuta spea Kariakoo ni kubahatisha. Aifungulie nyumbani, mbele yako, na kifaa cha zamani akuachie.