Swala kwa anayehamia Glasgow kikazi

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi, mkaazi wa Kisauni. Nimepata mkataba wa miaka 3 katika hospitali moja huko Glasgow, Uskochi. Nasikia kiangazi jua huchwa saa 4 usiku, na wakati wa baridi kabla ya saa 10 jioni. Je, niswali kwa saa za Mombasa? Na kwa kuwa niko ugenini, nifupishe?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Allah akufungulie riziki ya halali.

Saa za Mombasa ziache Mombasa. Suratun-Nisaa, aya ya 103, yatwambia swala imefaradhiwa kwa nyakati zake, na nyakati hizo hufuata jua la pale uliposimama. Kwetu Maghribi huzunguka saa 12 na nusu mwaka mzima, ndiyo maana mtu huidhania saa ya ukutani kuwa ndiyo wakati wenyewe.

Kufupisha, yaani swala ya rakaa 4 kuswaliwa 2, ni kwa msafiri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ni mkaazi. Basi ukifika Glasgow swali kamili. Hata uwanja wa ndege wa Moi usifupishe, bado umo mjini. Ukibadilisha ndege Nairobi, hapo fupisha na ujumuishe, yaani uswali swala mbili katika wakati wa mojawapo. Maghribi hubaki rakaa 3.

Mtihani mkubwa ni Desemba. Katikati ya mwezi huo Adhuhuri ya Glasgow huingia kama saa 6:15 mchana, Alasiri saa 7:30, na jua huchwa saa 9:45, wakati ambao Mombasa Alasiri ndiyo kwanza yaadhiniwa. Wengi huharibikiwa hapa: humaliza zamu saa 10 ndipo waswali Alasiri kama walivyozoea, kumbe imekwisha kuwa ya kulipa. Omba mapumziko yako yaanze saa 7:20. Uwe umeshatawadha, swali Adhuhuri mwishoni mwa wakati wake, kaa hapo hapo dakika chache, Alasiri ikiingia uswali. Dakika 20 zatosha, kila swala iko ndani ya wakati wake, na hukuhitaji ruhusa ya kujumuisha.

Misikiti mingi ya Uingereza ni ya Wahanafi, na Alasiri yao huchelewa kuliko yetu, karibu nusu saa Desemba na zaidi ya saa nzima Juni. Hakikisha programu ya simu imewekwa Shafii. Na kibla usikiendee kwa mazoea: Mombasa twaelekea kaskazini, Glasgow ni kusini-mashariki.

Kiangazi shida ni Isha. Tangu mapema Mei hadi mapema Agosti jua halifiki nyuzi 18 chini ya upeo, yaani giza kamili haliingii, na Juni wekundu wa magharibi, ambao kuondoka kwake ndiyo alama ya Isha, waweza usiondoke hadi alfajiri. Wanazuoni wa Shafii hukadiria kwa mji wa karibu ambao alama hizo huonekana, na makadirio hayo hutofautiana, ndiyo maana utaona misikiti miwili jirani ina ratiba mbili. Shika ya msikiti wako. Usichukue Alfajiri ya huku na Isha ya kule.

Juni Maghribi huingia saa 4:05 usiku. Kwa mwenye uzito wa kweli, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limeruhusu kujumuisha Maghribi na Isha, kwa hadithi ya Ibn Abbas katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alijumuisha Madina bila hofu wala mvua. Ushauri wangu, ndugu yangu, ruhusa hiyo itumie usiku unaotangulia zamu ya asubuhi tu. Usiku mwingine ingoje Isha yako.